Vyeti Arobaini na Tone la Tindikali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu kwamba hatakuja. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu jana. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi, Mkurugenzi wa mradi huu. Katibu wa Kamati hiyo, ambaye yuko likizo na ninamkaimu. Ndugu wenye malori, ndugu mawakala wa mizigo, ndugu mpiga picha, na ninyi wahitimu arobaini wa Mafunzo ya Uchukuzi wa Bidhaa Hatarishi, mlioketi hapa tangu saa mbili asubuhi mkidhani mmekuja darasani: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Dereva mmoja anamuuliza jirani yake kama na yeye amesikia neno wahitimu.)

Mmesikia sawasawa. Najua barua ya wito ilisema leo ni siku ya kwanza ya mafunzo, na barua ile haikukosea, kwa kuwa niliitia saini mwenyewe. Isipokuwa baada ya upembuzi yakinifu, mapitio ya kimkakati na wekshopu mbili za wadau, tuligundua kwamba muda ulioko kati ya siku ya kwanza na siku ya mwisho ndio unaowachosha watu, kwa hiyo tukauondoa. Leo tunafungua na leo hii tunafunga. (Kicheko. Mkurugenzi anasubiri kiishe, kwa sababu hakukusudia kuchekesha.)

Naomba sasa nizungumze kwa takwimu, maana takwimu hazina undugu na mtu. Tangu mradi huu uzinduliwe miaka mitatu iliyopita, hakuna dereva hata mmoja aliyepitia mikononi mwetu ambaye amepinduka, ameungua au amemwaga mzigo hata wa kujaa kijiko. Ni sifuri kamili. Ziko taasisi kubwa zenye walimu, madarasa na malori ya kufundishia ambazo hadi leo hazijaifikia sifuri yetu, na zimeniandikia kuuliza siri. (Makofi. Nyuma kabisa mtu anapiga mluzi.)

Geuzeni macho muone ukuta huu. Hivi ni vibao vya alama za hatari, vile vinavyobandikwa kwenye matangi. Tulimwita fundi wa mapambo ya harusi akavipanga kitaalamu: vyekundu karibu na pazia, vya njano karibu na maua. Kile cheupe na cheusi, chenye picha ya mkono unaodondokewa na matone, nilishauri mimi binafsi kiwekwe juu ya meza ya vitafunio, kwa sababu kinamkumbusha mtu kunawa kabla ya kula. (Minong'ono. Dereva mwanamke wa mstari wa tatu ananyanyua mkono.)

Naona mkono. Huyu ni yule dada ambaye madereva wote, hata waliomzidi umri, humwita Shangazi, na lori lake la tangi ndilo lile mnaloliona dirishani, lililochukua nafasi ya kuegesha gari langu. Uliza, Shangazi, lakini kwa kifupi, hotuba bado mbichi. (Shangazi anaeleza kwamba amepakia tindikali na anatakiwa kuondoka saa nane mchana. Pale mizani hawamruhusu kupita bila cheti cha mafunzo haya. Lakini hata akikipata, anasema, bado hajapata alichokifuata: anataka kujua valvu ikianza kuvuja akiwa peke yake barabarani, aanze na nini na amalizie na nini.)

Swali zuri sana, na jibu lake limo katika sura ya saba ya kitabu chetu cha mafunzo. Sura ya saba itaandikwa mara tu sura ya kwanza itakapopata mwandishi. Kwa sasa naomba uridhike na jalada, ambalo ni gumu na linapangusika. (Shangazi anaketi. Jirani yake, dereva mnene anayeitwa Kona Tatu, anasema kwa sauti kwamba ratiba inaonyesha zoezi la vitendo saa nne, na sasa ni saa tano kasoro.)

Kona Tatu, zoezi mlishafanya. Mlipoingia asubuhi mlipanda ngazi za mlangoni huku mmeshika reli, sivyo? Mguu, mguu, mkono. Ndivyo dereva makini anavyopanda kebini. Sikutaka kuwatangulizia habari ili msije mkafanya kwa woga. (Kona Tatu anajibu kwamba yeye aliingilia mlango wa nyuma.) Basi wewe umefanya zoezi la juu zaidi.

Niwakumbushe sharti la cheti, nalo ni moja tu: asitoke mtu ukumbini mpaka nimalize kusema. Atakayeuvuka mlango ule atakuwa amejiondoa mwenyewe kwenye orodha, na mimi katika suala la nidhamu sina ndugu wala jamaa. Vyeti ni hivi hapa mezani, arobaini, nimekwisha kuvitia saini na mhuri, yamebaki majina tu. Sasa, nikirejea kwenye rodimapu ya mradi, nguzo ya kwanza kati ya kumi na nne ni… (Mhudumu wa ukumbi anaingia mbio na kumnong'oneza. Harufu kali imeanza kupenya dirishani. Walio karibu nalo wanafunika pua.)

Ndugu wahitimu, tulieni. Naarifiwa kwamba kuna kitu kinadondoka chini ya lori la Shangazi, na saruji inatoa povu. Hili si tatizo, hili ni fursa. Tazameni kibao kilicho ubavuni mwa tangi: ni kilekile cha mkono na matone, maana yake chombo hiki kinataka maji. Mhudumu, beba ndoo mbili ukamwagie pale, sugua, halafu njoo uendelee kugawa soda. (Shangazi amesimama.) Shangazi, kaa. Ukitoka, cheti kinabaki.

(Shangazi hapazi sauti. "Usimwage maji," anamwambia mhudumu, si Mkurugenzi. "Mume wangu alimwaga maji. Tangu siku ile ananitambua kwa sauti." Mhudumu anaziweka ndoo chini polepole, kana kwamba zina mtoto aliyelala. Shangazi anavuka mlango.)

Hm. Poleni kwa usumbufu huo. Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mhitimu mmoja amejiondoa kwa hiari, na kwamba tumebaki thelathini na tisa, kiwango ambacho popote duniani kinaitwa mafanikio. Kona Tatu, na wewe unakwenda wapi? Unasema kuna lundo la mchanga kule wanakojenga ukuta, na Shangazi hawezi kuubeba peke yake? Mchanga haumo kwenye ratiba, bwana. (Kona Tatu anatoka. Wawili wanamfuata, kisha mstari mzima. Viti vinakwaruza sakafu.)

Thelathini na nane. Thelathini. Ndugu zangu, tokeni kwa mpangilio basi, ili nipate kuwahesabu. Kumi na moja. Wale mliobaki ndio mchujo wa mradi. Sita. (Mkurugenzi anachukua kipaza sauti na kusogea hadi dirishani, akifunika pua kwa leso.)

Kwa faida ya walioko ukumbini, nitaeleza kinachoendelea nje. Shangazi amewasogeza wote upande upepo unakotoka, na aliyesogea karibu bila ruhusa amerudishwa kwa kidole kimoja tu, jambo ambalo mimi hushindwa hata kwa waraka. Amevaa glavu ndefu, miwani na aproni ya mpira. Anakaza kitu pale chini ya tangi. Tone limekatika. Sasa anazungusha mchanga mkavu kuanzia nje kuja ndani, si kinyume chake, na kila hatua anasimama kuwauliza kwa nini. Wanajibu. Kona Tatu amejibu vibaya, wamemcheka, amevalishwa glavu arudie. Kuna mmoja anaandika nyuma ya ratiba yangu. Kusema kweli siwaelewi watu hawa: tumewaita kwenye mafunzo, nao wanapoteza muda nje namna ile. (Anageuka. Katika ukumbi amebaki mpiga picha peke yake.)

Vizuri. Kabla ya kuhitimisha, tuamke kidogo kwa kaulimbiu yetu. Nikisema tangi, semeni tulia. Tangi! ("Tulia," anaitikia mpiga picha.) Nikisema mradi, semeni endelevu. Mradi! (Mpiga picha anabadilisha betri.)

Na sasa shukrani. Namshukuru mwenye ukumbi, ambaye anataka viti vyake saa sita. Namshukuru fundi wa mapambo. Nawashukuru walimu wa mradi, ambao nina hakika wangefanya kazi kubwa kama wangekuwepo, na chuo chetu, ambacho kinasubiri kiwanja tu, na lori letu la kisasa la kufundishia, ambalo mmeliona kwenye bango la mlangoni. Lile ni lori la Shangazi, mpiga picha alilipiga leo asubuhi likiegeshwa. Kwa namna ya pekee namshukuru Shangazi mwenyewe, ambaye kwa robo saa ameendesha mafunzo pekee yaliyowahi kufanyika chini ya mradi huu, ila kwa bahati mbaya ameyafanyia nje, kwa hiyo hayahesabiki. Cheti kinakwenda kwa aliyesikiliza mpaka mwisho. Ndugu mpiga picha, hongera, sogea mbele. (Mpiga picha anasema hajui kuendesha hata baiskeli.) Hilo halimo katika masharti. Asilimia mia moja ya waliobaki wamefaulu.

(Mpiga picha anapokea cheti. Anakitazama: saini ipo, mhuri upo, mahali pa jina ni patupu. Anatazama dirishani, kisha saa ya ukutani. Anaomba kalamu ya Mkurugenzi, anapewa, na anaanza kutembea kuelekea mlangoni.)

Wapi tena? Unakwenda kumuuliza Shangazi jina lake linavyoandikwa? Kijana, ukiuvuka mlango huo umejiondoa. Na kalamu ni yangu. (Anauvuka.)

Basi. Tumebaki mmoja. Mmoja kati ya mmoja ni asilimia mia moja, na sifuri yetu ya ajali iko palepale. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. (Makofi makubwa, ya muda mrefu, kutoka nje.)