Jua Nililolitia Saini

Jumatatu, 22 Julai

Naanza shajara. Kiongozi mkuu wa watalii lazima awe na kumbukumbu za maandishi, na kuanzia Jumapili kiongozi mkuu wa ushirika wetu wa utalii ni mimi, Eleuterio Poot. Zimebaki kura tu, kumi na sita, za wazee wa kijiji zikiwemo.

Mpinzani ni mmoja: shemeji yangu Nicanor, kaka wa mke wangu. Mimi nawapeleka wageni kwenye matumbawe, yeye anawapeleka kwenye magofu. Mimi nawaonyesha kasa aliye hai. Yeye anawaonyesha mawe na kuwasimulia habari za mfalme ambaye jina lake hubadilika kila wiki. Nani anastahili? Haya basi.

Kesho wanafika walimu wastaafu wanane kutoka Monterrey. Wataondoka Jumamosi, na barua yao itasomwa mkutanoni kabla ya kura. Nimewatumia karatasi: siku nne za jua, bahari tulivu, maji maangavu. Chini nimetia saini. Nicanor akaniuliza tangu lini natia saini kwa niaba ya mbingu. Wivu!

Tatizo ni baba mkwe. Don Hermilo ana shamba la mahindi nyuma ya kijiji, na hatujaona tone la mvua wiki tano. Majani yamejikunja. Ametangaza kwamba Jumatano tunawaomba Wachaak, wenye mvua. Mwombaji ni yeye mwenyewe, na kwa bahati mbaya anaijua kazi yake. Mara ya mwisho ilinyesha siku tatu mfululizo, mashua ndogo zikakatazwa kutoka bandarini.

Nikajaribu kumsogeza hadi Jumapili. Nikamwambia redio imesema mvua iko njiani, itakuja yenyewe. Akasema redio hiyohiyo ilisema timu yake ya besiboli ingeshinda. Kisha akaniwekea kibuyu mikononi. Mwaka huu mchota maji ni mimi.

Jumanne, 23 Julai

Siku ya ushindi! Bahari kama sakafu iliyopigwa deki. Walimu wote wanane majini, miwani usoni, mirija ya kupumulia mdomoni, wanaguna kwa furaha. Tumeona kasa mmoja na samaki wawili aina ya taa. Mwalimu Graciela, mkubwa wao, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na kila kitu anakiandika kwenye daftari, akauliza kama jua huwa hivi kila siku. Nikamjibu kwamba hili nimeliagiza. Akaliandika.

Alasiri nikawapeleka kwenye kisima cha pangoni kilicho karibu na barabara, wajisuuze chumvi. Wakajirusha ndani na mafuta yao yote ya kujikinga na jua. Hapo ndipo wazo liliponijia.

Maji ya ibada yanatoka pango jingine, ndani kabisa msituni, mahali ambapo mwanamke hafiki na hakuna mtu aliyewahi kuoga. Saa mbili za miguu, miiba njia nzima. Maji yakiwa mengine, Wachaak hawasikii. Kila mtu hapa analijua hilo. Sasa mbele yangu kulikuwa na maji waliyoogea walimu wanane, sita kati yao wanawake, na kibuyu nilikuwa nacho begani.

Nikachota.

Niandike wazi ili vizazi vijavyo vinielewe: sijaikataa mvua. Nimeiahirisha. Jumatatu ijayo mzee anaomba tena, kwa maji halali, nami nitayachota kwa moyo mmoja. Mahindi yaliyovumilia wiki tano yatashindwa siku tano? Nimekificha kibuyu chini ya jaketi za kuokolea.

Jumatano, 24 Julai

Alfajiri niliondoka nyumbani kwa kishindo, kila mtu anisikie. Nikaenda kulala kwenye banda la mashua. Saa nne baadaye nikajipaka tope kwenye suruali, nikajikwaruza mkono kwa kijiti, nikatokea shambani nikihema. Wanaume wakanipigia makofi.

Kisha nikafungwa. Kwa kawaida wavulana wanne hufungwa kwenye miguu ya meza ya sadaka na kulia kama vyura, ili wenye mvua wajue tuna kiu. Lakini vijana wetu wote wako kwenye mahoteli ya kaskazini wakibeba masanduku ya watu. Basi vyura wa mwaka huu ni mimi, Fidencio kinyozi, ambaye ana miaka sitini na moja na analia kumshinda chura mwenyewe, na wazee wengine wawili. Nikalia kwa sauti ya chini. Fidencio akanigeukia, akaniambia: “Wewe chura gani, una mafua? Toa sauti, bwana!”

Don Hermilo akapokea kibuyu. Akachungulia ndani. Akachungulia tena, muda mrefu. Kisha akayamwaga yote kwenye mguu wa meza niliofungwa mimi, nikalowa mpaka magotini. Nikadhani ndivyo inavyofanywa siku hizi.

Akaanza kuomba. Kimaya cha sala ni cha zamani na yeye anakisema haraka, sikushika hata nusu. Lakini jina langu nililisikia. Mara tatu! Hakuna mwingine aliyetajwa zaidi ya mara moja. Mzee huyu ambaye kwa miaka kumi na tisa ananiita “mtu wa samaki”, leo ananitaja mbele ya Wachaak mara tatu.

Ulipotolewa ule mkate wa mahindi wa tabaka nyingi uliookwa ardhini, kipande changu nikampa Fidencio. Mimi! Nikasema tumbo limevurugika. Mbingu jioni nzima nyeupe, haina hata kiwingu. Mpango umefaulu kwa asilimia mia, na sijui kwa nini nimekaa hapa na kalamu bila furaha yoyote.

Na Nicanor alikuwa na walimu magofuni leo. Mfalme wa wiki hii alikuwa mpiga mbizi.

Alhamisi, 25 Julai

Jua. Kasa tena. Walimu wakanipigia makofi. Mwalimu Graciela akasema mimi ni mtu wa kutimiza neno langu. Nikageuka nikashughulika na injini ambayo haikuwa na shida.

Nyumbani Nidelvia, mke wangu, ananipakulia kwa kugonga sahani. Nikamuuliza kuna nini. Akasema baba yake ameacha. Ameacha nini? Kila kitu. Anasema Wachaak hawamsikii tena, labda sauti imezeeka, labda wamehama. Anauliza kama kuna hoteli inayotafuta mzee wa kukaa getini. Yuko nyumbani kwake mbele ya redio, mechi inaendelea, na redio hajaiwasha.

Nikatoka, nikaenda shambani peke yangu. Sikuwa nimeingia katikati ya mahindi yale tangu kupanda. Ukipita yanachakarisha kama magazeti. Mbegu ile Don Hermilo aliipata kwa baba yake, baba yake kwa babu, na kila mwaka huchagua mahindi mazuri na kuyaning'iniza juu ya jiko yapate moshi. Nimekula shamba hili miaka kumi na tisa. Watoto wangu wameota meno kwa mahindi haya. Ikikauka mbegu, haiuzwi popote.

Nimeona aibu. Naliandika kwa sababu hakuna mwingine atakayelisoma. Mtu mzima, mtarajiwa wa uongozi, nimesimama kwenye mahindi na machozi yananitoka, huku mbingu niliyoitia saini ikinitazama.

Ijumaa, 26 Julai

Kukiri? Hapana. Kiongozi hakiri, anarekebisha.

Asubuhi nikampa Nicanor mashua yangu na walimu wangu, nikamwambia jino linaniua. Akauliza jino lipi. Nikaonyesha upande wa kulia, kisha nikashika wa kushoto. Akaondoka akicheka.

Nikaenda pangoni. Kweli safari hii. Miiba, nyigu wawili, nikaanguka mara moja. Ndani ni baridi, na maji yametulia mpaka unaogopa kuyagusa. Nilikaa hapo kidogo. Nikafikiri juu ya wote waliokuja hapa na vibuyu kabla yangu, hata hao waliojenga yale mawe ya Nicanor, na kwamba pengine katika wote hao mjinga ni mimi tu. Nikachota. Kibuyu hakiruhusiwi kugusa ardhi. Saa mbili za kurudi nimekikumbatia kama mtoto mchanga.

Nikamwambia Don Hermilo nimeota. Wachaak wamenijia ndotoni wakasema waombwe tena, leo. Nilitegemea maswali, nilikuwa nimeyaandalia majibu kumi na mawili. Hakuuliza hata moja. Akachungulia kibuyuni, akachukua kofia, akasema: “Kamwite Fidencio.”

Tulikuwa watatu tu, na mkate wa juzi. Nililia kama chura tangu adhuhuri. Nililia mpaka Fidencio akanyamaza anisikilize. Sauti ilipokatika nikaendelea kufungua mdomo tu.

Saa kumi upepo ukageuka. Kisha ikashuka. Mvua nzito, iliyonyooka, ardhi ikanukia. Don Hermilo alivua kofia, akakinga maji ndani yake. Nami nikalia tena, safari hii si kama chura.

Ndipo nikakumbuka: Nicanor yuko baharini na walimu wangu, kwenye mvua! Barua yenye hasira, na jina lake ndani! Sikupanga, Mungu ni shahidi. Lakini nilicheka njia nzima.

Jumapili, 28 Julai

Barua imesomwa. Injini ilimzimikia Nicanor kwenye matumbawe mvua ilipoanza. Kwa kuwa hakukuwa na radi na hakujua la kufanya, akawaambia wabaki majini. Mwalimu Graciela ameandika kurasa mbili. Kwamba walitazama juu kutoka chini, matone yakitoboa uso wa bahari, samaki wakipanda kuyapokea. Kwamba katika maisha yake hajapata saa nzuri kuliko ile. Kwamba Nicanor ni kiongozi mwenye ujasiri na maono. Mimi nimetajwa mwishoni: wananitakia nafuu ya jino.

Kura: Nicanor kumi na nne, mimi mbili. Moja ni yangu.

Nikamfuata Don Hermilo, nikamshukuru kwa ile ya pili. Akasema si yake, labda ya Fidencio. Yeye amempigia kura mwanawe, maana mvua imeleta magugu na anahitaji mkwe asiye na cheo aje kupalilia.

Kisha, akichambua maharage bila kuniangalia, akasema yale maji ya Jumatano yalikuwa na mafuta juu na yalinuka nazi. Alijua tangu alipochungulia mara ya kwanza. Mvua hakuiomba kabisa siku ile. “Ningewapa Wachaak maji ya kuogea walimu? Nilikumwagia wewe, yalikuwa yako.” Nikauliza, na sala je, mbona ndefu vile, mbona nilitajwa mara tatu? Akasema alikuwa anawaomba radhi kwa ajili yangu. Mara ya kwanza na ya pili hawakuonekana kukubali.

Na kazi ya getini? Hajamuuliza mtu. Alimwambia Nidelvia tu, akijua ataniambia. Jikoni nikasikia mke wangu akicheka.

Tukaenda shambani pamoja. Majani yamefunguka, yamesimama. Ila safu nne za upande wa mawe hazikuamka. Akazishika moja moja, akasema siku mbili mapema zingepona. Hakunitazama aliposema. Afadhali angenipiga. Nimemwapia kwamba sitaichezea mbingu tena maisha yangu yote, na nilimaanisha kila neno.

Akasema vizuri, basi anataka jua kuanzia Jumanne. Magugu yaking'olewa ardhi ikiwa mbichi yanashika mizizi upya, kwa hiyo lazima ikauke siku tatu. Nije na panga.

Tatizo dogo. Nilipotoka mkutanoni tu niliwaandikia wauguzi kumi kutoka Puebla, wanaofika Jumanne. Nimewaahidi kitu ambacho Nicanor hawezi kukitoa bila injini kuharibika: kuogelea kwenye matumbawe chini ya mvua, siku tatu mfululizo. Karatasi imeshaondoka. Nimetia saini, nikapiga mistari miwili chini yake.

Nimeangalia. Kibuyu bado kiko kwangu.