Flashi ya Radhi ya Mjomba Shee

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia nimejifungia chumbani, na mama ananiita kwa jina langu kamili, basi mjue hali ilivyo.

Nianze mwanzo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alifia kisiwani Chovai. Leo ilikuwa arobaini yake, hitima imesomwa hapa nyumbani Kismayo. Kabla hajafa alirekodi maneno kwenye simu ya binamu yangu Mwanaesha, aliyekuwa akimuuguza. Maneno kwa mmoja tu wa wanawe: mjomba Shee, kaka yake mama, aliyekimbia vita akiwa kijana, akaangukia Ulaya, asipate kurudi hata kumzika mama yake. Kila akipiga simu ni swali lile lile: "Mama aliniridhia au hakuniridhia?" Anataka radhi, basi. Hana lingine.

Mwanaesha akaitia ile sauti kwenye flashi, akatuletea. (Simu yake imeshazama baharini, msiniulize.) Na bibi aliacha sharti: asiisikilize mtu yeyote mpaka siku ya arobaini, wote tumekaa. Amana ya marehemu hiyo, nani angethubutu kuifungua? Mimi nikaiweka kwenye kompyuta yangu bila kuigusa, nikamrudishia mama flashi. Mama akaifunga kwenye pindo la leso, akawa analala nayo.

Sasa asubuhi ya leo kompyuta ikaanza vituko. Inazima yenyewe, inawaka ikitaka. Mimi ndiye fundi wa ukoo (cheo nilijipa mwenyewe). Nikaamua kuhifadhi kompyuta nzima, kila kilichomo, kwenye diski ya nje. Ikakubali. Safi! Lakini programu ikaniambia kwamba kompyuta ikigoma kabisa kuwaka, nakala ile haitanifaa bila flashi ya uokozi ya kuiwashia. Nikatoa flashi zangu. Moja ndogo mno, nyingine imejaa virusi. Nikamwendea mama.

"Mama, nipe ile flashi."

"Ya radhi? Wataka nini nayo?"

"Naitengenezea kompyuta dawa. Sauti iko kwenye kompyuta, tena iko kwenye diski. Mahali pawili!"

"Una hakika?"

"Mama, fundi hapa ni nani?"

Akafungua pindo, shingo upande. Nikachomeka. Programu ikanionya kwa maandishi mekundu: kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa, uendelee? Mimi huyo, endelea! Nikakaa natazama kimstari cha kijani kikijaa, mkononi kipande cha mkate wa mofa, roho imetulia tuli. Ilipokwisha nikaiandika flashi kwa wino: UOKOZI.

Baada ya alasiri watu wakajaa. Wanaume barazani, wanawake ndani, udi unafuka. Kompyuta nimeiunganisha na televisheni na spika kubwa, ya harusi ile. Mjomba Shee yuko kwenye simu kwa video, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, nyuma yake dirisha lenye mvua. Mzee mzima, kakaa wima kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo.

"Fatu, bonyeza mwanangu," akasema. "Bismillahi."

Nikabonyeza. Kimya. Kikatokea kijisanduku: faili halipatikani, huenda limehamishwa au limefutwa. Kwenye televisheni! Na kila anayejua kusoma akakisoma kwa sauti! Nikabonyeza tena. Kile kile. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Nikakimbilia diski ya nje, nikafungua nakala. Kijisanduku kile kile, nacho kimehifadhiwa vizuri kabisa.

Ndipo nikakaona kamshale kadogo kwenye pembe ya picha ya faili. Siku zote nilidhani ni pambo! Kumbe siku ile sikuinakili sauti. Niliweka njia ya mkato tu, ya kuelekeza kwenye flashi. Sauti yenyewe haikuwahi kutoka humo. Ningeifungua mara moja ningejua, lakini amana haifunguliwi. Na flashi nimeifuta asubuhi kwa mkono wangu, huku natafuna mofa.

(Mafundi mliomo humu, nyamazeni. Programu za kufufua mafaili nimezijaribu zote. Ule uokozi wangu umeandikwa juu ya bibi.)

"Kuna nini, Fatu?" mjomba akauliza.

Nikasema. Mbele ya ukoo mzima, spika iko wazi. "Sauti imefutika, mjomba. Nimeifuta mimi."

Mama akajifunika uso kwa leso. Nyuma yangu bibi mmoja wa jirani akauliza, "Ndiye fundi huyo?" Wallahi nilitamani sakafu inimeze.

Mjomba hakunifokea. Angenifokea ningepona. Akauliza polepole, kwa lafudhi ya kwetu, "Hakuna kichu kilichobaki?"

"Jina la faili tu, mjomba."

"Lisome."

Nikasoma: "Shee mwanangu radhi kamili."

Mwanaesha akadakia kutoka pembeni, "Jina hilo alinitajia bibi mwenyewe! Alinambia andika hivyo hivyo, kisha akanitoa nje. Akasema yaliyobaki ni yake na mwanawe."

"Soma tena," mjomba akasema. Nikasoma. "Tena." Nikasoma, na mama analia ndani ya leso. Mjomba akavua kofia, akajifutia macho.

"Alhamdulillahi. Radhi nimeipata," akasema. Kisha akaongeza, kama anajisemea mwenyewe, "Lakini nilitaka kumsikia akiniita."

Hakuna aliyecheka. Roho iliniuma, inaniuma hadi sasa hivi.

Kompyuta? Iko hapa, inawaka vizuri tangu watu waondoke, haina hata homa. Flashi ya UOKOZI mama ameirudisha kwenye pindo la leso, na amesema nisiiguse mpaka naye afe.

Anayetaka kunicheka acheke leo amalize, maana kesho mjomba anapiga simu, na ni mimi niliyeahidi kumsomea tena lile jina.