Malalamiko Kuhusu Kasi Isiyovumilika ya Mafundi wa Ukumbi

Ndugu Msimamizi wa Ujenzi,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Nimefika mlangoni pa ofisi yako ya mabati mara nne, na mara zote nimejifanya natafuta choo.

Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba siku ukumbi wetu wa shule utakapoezekwa, mimi ndiye nitakayesoma hotuba mbele ya wageni, kwa lugha zote mbili tunazofundishiwa. Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani hutokwa jasho mpaka kwenye soksi! Tumaini langu lilikuwa nyinyi, maana kila mtu husema mafundi huchelewa. Mmeniangusha, kama ifuatavyo:

1. Saruji inafika kabla ile nyingine haijaisha. Kwetu hata sukari haifiki hivyo.

2. Fundi mkuu, yule mnayemwita Babu Timazi, hataki porojo. Juzi kibarua mmoja alianza kusimulia vituko vya mkwewe, ikaanza kunoga, Babu akamkata: "Huyo mkwe wako ndiye atakayebeba mchanga?" Hadithi ile ingetufikisha adhuhuri.

3. Darasani tumesoma mambo yanayoathiri tija (neno hili nililijua kwa ile lugha nyingine tu, kwa Kiswahili nilidhani Tija ni dada wa mtu). Uchovu, uhaba wa vifaa, michoro kubadilishwa, mvua. Nyinyi haliwagusi hata moja. Jumanne mvua ilinyesha, nikashangilia kimoyomoyo. Mkahamia ndani kupiga plasta.

4. Kwa hiyo naomba rasmi madirisha yahamishiwe upande wa pili, kisha yarudishwe. Ikishindikana, ukuta wa nyuma ubomolewe, umepinda. Haujapinda. Nimeupima kwa pimamaji yenu, ambayo nakiri iko kwenye begi langu tangu Jumatatu. Mafundi waliazima nyingine ndani ya robo saa. Hilo nalo ni lalamiko.

Nakutakia kazi njema isiyo na haraka. Nisalimie mafundi wote, mama anayewachemshia chai, na dereva wa lori la saruji, ingawa yeye ndiye aliyeniponza zaidi.

Wako mwenye hofu,
Mwanafunzi wa dawati la nyuma kabisa

Tanbihi: Nimeleta barua hii mchana, hukuwepo. Babu Timazi akasema miwani kaisahau: "Isome wewe, mjukuu wangu, tusikie." Nikasoma. Kufika namba mbili alicheka yeye kwanza, na mafundi wote walikuwa wameshashuka ngazini. Wakataka nirudie, nikarudia, kwa lugha zote mbili. Kazi imesimama saa nzima na nusu. Tafadhali ezekeni wiki hii hii. Hotuba nimeshaiongeza kurasa mbili.