Kifaransa cha Kumwita Mjukuu

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu kapiga simu. Wanakuja! Yeye, mumewe na mtoto, kutoka ng'ambo. Wiki mbili! Niliruka kwa furaha nikajibamiza kwenye bango la kinyozi nililokuwa nalichora. Herufi B nzima ikabaki shavuni. Akawa anaeleza kitu kuhusu mtoto, kwamba huko shuleni anaongea Kifaransa tu, na kwamba... Mengine sikuyasikia. Nilikuwa natafuta kitambaa.

Kifaransa tu! Nimekwisha. Mjukuu wangu wa pekee, miaka sita, sijawahi hata kumshika mkono, na atanitazama kama anavyotazama nguzo ya umeme.

Halafu nikapata wazo. Nitajifunza Kifaransa kimyakimya. Siku wanaposhuka, wote watakuwa mabubu isipokuwa mimi. Mtoto atanig'ang'ania mimi. Siyo bibi yake. Na zaidi ya yote siyo Mkwe, baba wa mume wa binti yangu, fundi saa, aliyetangaza siku ya harusi kwamba mjukuu wa kwanza atarithi pua yake.

Jioni nikaenda kwenye darasa la wanaoanza, chumba cha juu cha maktaba. Nilipanda ngazi nikipiga mluzi. Nani kakaa benchi la mbele, penseli imechongwa kama sindano? Mkwe!

Alisema alipita tu kuangalia saa ya ukutani. Nikasema nami nimepita kuangalia rangi ya dari. Tukakaa mpaka mwisho wa kipindi.

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu ni dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya kengele. Alisema tutaanza na vitenzi vyepesi na namna ya kutoa amri, kwa sababu kwenye amri hata mtenda huhitaji kumtaja. Nikafurahi. Mtoto unamwambia nini zaidi ya amri? Kula, amka, anza kazi ya shule. Amri zinatosha kulea taifa.

Furaha haikudumu. Kula ni *manger*. Mwambie mtoto *mange*, g yake laini. Lakini ukitaka kusema "tule", mwishoni kunakuja o, na g ikiona o inakuwa ngumu kama ya gogo. Kwa hiyo katikati wanachomeka e ili kuilainisha: *mangeons*. Na hiyo e haitamkwi!

Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi ni mchora mabango tangu ujana, na herufi isiyolia ni rangi ya kumwaga. Mwalimu akajibu kwamba e ile ni mlinzi wa g. Mkwe akaandika "mlinzi" akapiga mstari chini yake. Anajipendekeza!

Kisha *commencer*, kuanza. Ukisema "tuanze", c inaota mkia: *commençons*. Mkia nimeukubali. Mkia unapendeza kwenye bango.

Ijumaa, 7 Juni

Mambo yameharibika kabisa. Kutupa ni *jeter*, t moja. Ukiamuru mtu atupe, t zinakuwa mbili: *jette*. Kuita ni *appeler*, l moja, ukiamuru zinakuwa mbili: *appelle*. Nikadhani nimeshaishika kanuni. Basi kununua, *acheter*, nikaandika t mbili kwa mbwembwe. Kosa! Huyo haongezi herufi, anavaa kofia ya kuinamia kushoto: *achète*. Kwa nini? Mwalimu alisema basi tu, ndivyo kilivyo.

Halafu kuna s. "Wewe unakula" ina s mwishoni. Ukigeuza kuwa amri, s inafukuzwa. Imekosa nini?

Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Nikamlalamikia mke wangu kwamba Kifaransa ni lugha isiyojiheshimu, kitenzi kikiamuriwa kinabadili sura. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza bila kuinua macho, mtoto ukimwita unasemaje. Njoo, nikasema. Akauliza, na kitenzi chenyewe? Kuja. Akauliza hiyo "kuja" kwenye "njoo" imejificha wapi. Na kwa nini tunasema "lete" na si "leta".

Nikasema hilo ni jambo tofauti. Akauliza tofauti vipi.

Nikaenda kuosha brashi.

Jumatatu, 10 Juni

Bahati imeniangukia! Mkwe hakuja darasani, jino limemvimba. Akanipigia simu, sauti imejaa pamba, akinibembeleza nimwambie tulichosoma. Eti sisi ni wamoja. Eti damu ya mtoto imetuunganisha.

Nilimwonea huruma kidogo. Ikapita.

Nikamwambia leo tumejifunza neno moja tamu mno la kumwita mtoto. Ukitaka kusema "njoo kwangu, kipenzi", unasema *va-t'en*. Nikamwambia alirudie mara kadhaa mpaka akalitamka vizuri. Akanishukuru. Akasema Mungu anizidishie.

Maana yake ni "ondoka hapa".

Jumamosi, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulisimama wote uwanja wa ndege, pale wanapotokea abiria, familia zote mbili. Akatoka. Mdogo kuliko kwenye picha, mkoba mgongoni, kashika sketi ya mama yake. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzima. Ikayeyuka yote. Nikainama, nikafungua mikono, na kilichotoka kinywani ni *lève-toi!* Yaani: inuka!

Mtoto alikuwa amesimama. Akajitazama miguu. Akanitazama. Nikaona nirekebishe haraka, nikasema *mange!* Hakuna chakula popote. Nikasema *achète!* Akajificha nyuma ya sketi.

Ndipo Mkwe akajongea, akapiga goti, akamwekea tabasamu la jino lililopona na kusema *va-t'en!*

Nikasubiri kilio. Mtoto akamkodolea macho. Kisha akacheka! Akageuka akakimbia huku anachungulia nyuma. Mkwe, asiyejua kitu, akamkimbiza akirudia *va-t'en, va-t'en*. Wakazunguka nguzo. Wakazunguka mizigo ya watu. Mtoto alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Walirudi wameshikana mikono.

Mkwe akaninong'oneza kwamba hatasahau wema wangu maisha yake yote.

Mke wangu naye hakusema neno lolote la kigeni. Alimpa maji, akamvua viatu, akambeba. Mtoto akasinzia begani kwake.

Mimi nilibeba masanduku.

Jumatano, 19 Juni

Hali mbaya. Mtoto ananikwepa. Nikiingia sebuleni anaingia jikoni. Binti yangu kaniita pembeni kwa upole. Anasema mtoto kamuuliza kwa nini Babu ana hasira siku zote. Mimi, hasira! Nikamwambia namwonyesha mapenzi kwa kiwango nilichofikia darasani. Akaniuliza kwa nini nisiongee naye Kiswahili tu. Nikacheka kwa uchungu. Ataelewa nini, maskini?

Binti akafungua mdomo kutaka kujibu. Lakini nilikuwa nimeshapata wazo jipya, nikaondoka mbio.

Jumapili tunakula pamoja uani, ukoo mzima. Nitachora bango! Kubwa, la Kifaransa, juu ya ukuta, mbele ya kiti chake. Mtoto ameanza kujua kusoma. Atasoma, atauliza nani kaandika. Huko kwenye herufi Mkwe hanifikii hata kwa baiskeli.

Jumamosi, 22 Juni

Bango limekamilika. Nyekundu juu ya njano. TUANZE! TULE! kwa Kifaransa. Mkia wa ç nimeuchora kama wa farasi. Kwenye neno la pili ubao ukaniishia kidogo, ikabidi nipunguze. Nikatoa ile e isiyotamkwa. Nani ataikumbuka?

COMMENÇONS! MANGONS!

Nimelitazama hadi macho yakalengwa na machozi. Kazi yangu nzuri kuliko zote.

Jumapili, 23 Juni



Meza ilikuwa imeandaliwa. Watu walikuwa ndani wananawa. Nilitoka uani kunyoosha kitambaa, nikasikia sauti juu. Nikainua kichwa.

Mtoto alikuwa juu ya ngazi yangu ya kazini, niliyoisahau ukutani. Juu kabisa, kidato cha mwisho. Brashi mkononi, kopo la rangi nyekundu kalitundika kwenye kiwiko, ulimi nje, anachomeka e katikati ya G na O. Ngazi inayumba.

Nikatafuta neno la "shuka". Halipo! Mwalimu alisema hilo ni la kundi jingine la vitenzi, tutalifikia mbele. Nikapapasa kichwani, nikashika kilichokuwepo.

"*Mange!*" nikapiga kelele.

Akageuka. Ngazi ikalia.

"*Commence! Appelle! Jette!*"

Jette, alielewa. Akatupa. Brashi ilipita sikioni mwangu, kopo likafuata. Mkwe alikuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni na kanzu yake nyeupe. Sasa si nyeupe.

Ngazi ikaanza kuteleza. Nikajirusha nikaikumbatia kwa mikono na miguu, na sauti iliyonitoka hata siijui, kubwa, ya kilio:

"Shuka! Shuka taratibu, mama, shuka, babu nimekushika!"

Akashuka. Taratibu, kidato kwa kidato, kama nilivyosema. Akafika mikononi mwangu, akanikumbatia shingo, moyo wake ukidunda kwenye kifua changu kama kifaranga. Kisha akaniambia sikioni, kwa Kiswahili safi kabisa:

"Babu, usipige kelele. Nasikia."

Nikakaa chini palepale, kwenye rangi.

Binti yangu alitoka mbio. Alipoweza kupumua akasema aliniambia tangu siku ile ya simu: mtoto anaongea Kifaransa tu shuleni, lakini Kiswahili anakielewa chote, anaona aibu tu kukisema mbele ya wageni. Alisema mtoto anaongea na bibi yake tangu Jumatatu. Wanachambua mchele pamoja. Juzi alimwita "Bibi, kuja!", bibi akamfundisha "njoo", wakacheka sana.

Nikamtazama mke wangu. Akasema aliona nimeshughulika.

Mkwe alikula akiwa mwekundu upande mmoja. Hakulalamika. Alilisoma bango, akaigusa ile e iliyopinda, akasema kumbe mlinzi amerudi zamuni. Wote wakacheka. Mtoto alikaa mapajani mwangu chakula chote. Sikula kitu. Niliogopa nikijisogeza atashuka.

Jumamosi, 29 Juni

Wameondoka. Nyumba imekuwa ghala tupu.

Hizi siku za mwisho alikaa karakanani nami. Alichora herufi, akasimulia mambo ya shule yao, maneno mengine ya huku, mengine ya kule. Mimi nilisema "enhe" na "ikawaje". Sikutoa amri hata moja. Kule kwenye geti la abiria alilia, nami nikalia, Mkwe akatushika mabega wote wawili naye akalia. Mpaka leo hajajua maana ya *va-t'en*. Alimmwagia mtoto neno hilo kwa upendo mpaka mlango ulipofungwa, na watu wakamtazama vibaya sana.

Binti kaniomba kitu kimoja tu. Kila Jumapili nimpigie mtoto, niongee naye Kiswahili, kisipotee. Basi. Nimeapa.

Leo mchana nimefikiri kwa kina juu ya yote yaliyotokea. Kosa nimelijua. Lilikuwa wazi muda wote, sijui nilikuwa kipofu vipi.

Sikuwa na amri za kukataza!

Ningekuwa nazo, yule mtoto asingepanda ngazi. Darasa la pili linaanza Jumatatu. Mkwe nimemwambia linaanza Alhamisi.

Jumapili, 7 Julai

Kukataza ni rahisi mno! Unaweka *ne* mbele, *pas* nyuma, kitenzi kinabanwa katikati kama mkate. Nimesoma wiki nzima. Nimekatazia paka, mlango na redio.

Leo simu ya kwanza. Mtoto mwenyewe alipokea. Akaniamkia "shikamoo, Babu", akaanza kusimulia kwa Kiswahili habari ndefu ya rafiki yake aliyeng'oka jino, maneno yakimtoka mengi kuliko alivyowahi kusema hapa. Nilisikiliza. Nikaona nafasi ni hii. Kitenzi kilichokuja karibu kilikuwa *parler*, kusema. Nikavuta pumzi.

"*Ne parle pas!*"

Usiseme. Kimya. Kimya kirefu. Kisha simu ikakatwa.

Mke wangu kaninyang'anya simu na kwenda nayo chumbani, nasikia anambembeleza mtu huko. Sijali. Nimekaa hapa najaribu kutulia. Alinyamaza papo hapo! Hakuuliza mara mbili, hakuomba nirudie, hakutafsiriwa na mtu!

Hatimaye Kifaransa changu kinaeleweka.