Naomba Kurudishiwa Jirani Yangu na Malalamiko Yake Yote

Rosalia, Mama Octavian,
Nangara, Babati.

Kwa Kocha Aikande,
Darasa la Ustawi na Saikolojia Chanya,
Ghorofani, juu ya duka la pembejeo,
Babati mjini.

YAH: KUREJESHEWA JIRANI KATIKA HALI ALIYOKUWA NAYO

Mwanangu Kocha,

Natanguliza marahaba, maana naamini shikamoo yako iko njiani.

Wiki iliyopita nilikuja mwenyewe ofisini kwako, shida yangu ikiwa mdomoni kabisa, na yule binti wa mapokezi akaniambia kwa upole kwamba pale malalamiko hayapokelewi mpaka yatanguliwe na shukrani. Basi, nashukuru. Nashukuru kwa ngazi zako, ambazo nilizipanda kwa magoti haya. Nashukuru kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu. Nashukuru pia kwa bango lenye picha yako ukicheka, ambalo limeziba dirisha la kinyozi. Sasa nadhani nimeruhusiwa kuendelea.

Mimi ni jirani wa mwanafunzi wako Veronica, ambaye huku Nangara tunamwita Mama Kindness. Tangu yeye na mumewe wahamie hapa kutoka Rombo, sisi wawili tumekuwa tukikaa kila jioni barazani kwangu, tunachambua maharage na kulalamika. Kazi tuligawana vizuri tu. Mimi nilishika upepo, vumbi, kwaya, na mwanangu Octavian asiyepiga simu. Yeye akashika mume, mawifi na mgongo. Tulikuwa tunalala usingizi mzuri. Kisha wewe ukaja kumfundisha kustawi. Mimi ni mkulima, kustawi nakujua kwa mahindi. Yanataka samadi na palizi, na sijawahi kuona hindi lililostawi kwa kupigiwa makofi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu. Watu wa huku tuna utaratibu wetu. Ukiulizwa habari za nyumbani unajibu nzuri, hata kama nyumba inaungua, kwa sababu ndiyo adabu. Halafu unavuta pumzi, unasema "ila", na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila ng'ombe hajarudi. Wewe umewafundisha waishie kwenye nzuri. Mwezi mzima sasa, kila nikifanikiwa kumkuta, namuuliza Mama Kindness habari za kwake, ananiambia nzuri, ananyamaza, anatabasamu. Nami nabaki nimesimama pale nangoja mzigo ushuke, haushuki. Mwanangu, ile "ila" ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini.

2. Kiboko. Kiboko alitoka ziwani akaingia kwenye bustani ya Mama Kindness, akala mchicha wote, na alipoona haumtoshi akalalia vitunguu. Nilipopata habari niliacha chai mezani nikakimbia. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno, nikianzia na kiboko mwenyewe na kupanda kwenda juu mpaka kwa wakubwa wanaohusika. Namkuta amesimama kwenye matope, mkono kifuani, anavuta pumzi kama ulivyomwelekeza, ananiambia ameuona upande mzuri: samadi ya bure. Ikabidi nikasirike peke yangu, kwa sauti, juu ya mchicha ambao hata si wangu. Mwenye bustani ndiye aliyenibembeleza.

3. Baba Kindness. Nimeambiwa mnawapa watu karatasi ya kutafutia nguvu za tabia. Mama Kindness akaijaza kwa niaba ya mumewe, majibu yakatoka kwamba yule baba ana utulivu wa ndani. Mtu huyu tumemjua miaka yote hii kuwa akishakaa kwenye kochi unaweza kuwafuta vumbi wote wawili. Mimi sikuwa na ugomvi naye. Nilimchukia kumsaidia jirani, kazi ya kujitolea kabisa. Leo mwenye mume amemsamehe, wametembea wameshikana mikono mpaka stendi watu wakiwaona, na mimi sikuarifiwa. Nimebaki na chuki ya mwenzangu mkononi, sijui nimrudishie nani.

4. Ugonjwa unasambaa. Gerson, fundi pikipiki wa mtaani kwetu, naye amepita darasani kwako. Juzi mpwa wangu alimpelekea pikipiki isiyoshika breki, Gerson akaanza kumtajia vinavyofanya kazi: honi, taa, kiti. Akasema wajenge kuanzia hapo. Mpwa wangu alijenga kuanzia hapo mpaka alipofika kwenye ukuta wa shule. Na kwenye msiba wa mzee Aniceti kule Sigino, kijana wako Theodory alisimama kabla jeneza halijatoka, akaomba kila mfiwa ataje mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku ile. Mjane alifikiri sana. Akasema turubai halikuvuja. La pili na la tatu yakamshinda, na Theodory akamwambia asijali, ni mazoezi. Mama yule alikuja kuzika mume, hakuja mazoezini.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Nasikia kuna somo linalofundisha watu kujitenga na wale wanaomaliza nguvu za wenzao. Sikutajwa jina, najua. Lakini tangu somo hilo Mama Kindness hapiti tena mbele ya baraza langu. Anazunguka nyuma, kwenye gereji ya Gerson, kwenye oili chafu na mbwa, kusudi tusikutane. Nakiona kilemba chake kinapita juu ya uzio. Maharage nachambua peke yangu, na vijiwe naviacha vingi tu, maana hakuna wa kumwonyesha. Nimeumia, Kocha. Naandika hivyo hivyo, bila kutafuta upande mzuri.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Mama Kindness arudishwe alivyokuwa: mgongo wake, mawifi zake, na mume wake wa zamani, yaani huyuhuyu kabla hajawa mtulivu. Kama haiwezekani kwa sababu cheti kimeshatolewa, basi nipewe ukumbi wako siku za Jumapili baada ya misa nifungue Darasa la Kulalamika. Nitafundisha bure. Wanafunzi ninao, ni jumuiya yetu yote isipokuwa katibu, ambaye tayari ni mtaalamu.

Kama hilo nalo ni gumu, naomba uniunge mkono kwa mwenyekiti wa mtaa itungwe sheria ndogo kwamba kila mkazi wa Nangara awe na angalau shida moja inayoonekana, na asiyekuwa nayo aazimwe na jirani. Mimi ninazo za kutosha kata nzima, na jirani zetu wa Singe tukawapa zitakazobaki. Yote yakishindikana, uje wewe mwenyewe kila jioni ukae barazani kwangu, kwenye kigoda cha Mama Kindness. Njoo na shida zako. Usiniambie huna, nimekuona unavyocheka kwenye lile bango, na mtu asiye na shida hacheki vile.

Nisalimie mama yako, ambaye naamini alikuzaa ukilia kama watoto wengine. Msalimie binti wa mapokezi na maji yake, kinyozi aliyezibiwa dirisha, Theodory, na wote wanaostawi. Waambie sisi tusiostawi bado tupo na tunawaona.

Ni mimi, nisiyeridhika na nisiyetaka kufundishwa,

Rosalia, Mama Octavian

N.B. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, Mama Kindness akaingia, kwa njia ya mbele, bila hata hodi. Akakaa kwenye kigoda chake, akavuta ungo, akasema Baba Kindness amehamishiwa kazi mgodini Kahama, na shule zikifungwa wanaondoka wote. Alilijua hilo kabla hajaanza darasa. Anasema alikuja kwako kwa sababu alikosa namna ya kuniambia, na kila nilipomuuliza habari alisema nzuri, kilichofuata kikamkwama. Anasema wewe ndiye uliyekuwa unamsihi kila Jumamosi aje aniambie mimi kwanza, tena wazi, na kwamba ile njia ya gereji aliitafuta mwenyewe.

Nilikuwa na maneno tele juu ya Kahama, juu ya migodi, na juu ya yule baba. Nikafungua mdomo, nikajisikia namwambia kwamba Kahama ni mji mkubwa, kwamba joto la kule litamfaa mgongo, kwamba Kindness atapata shule nzuri, na kwamba Baba Kindness ni mtu mtulivu, atawatunza. Akaniangalia sana. Akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa. Tukachambua maharage mpaka giza likaingia na hakuna aliyelalamika.

Barua nakutumia kwa kuwa nimeshaiandika. Ukimaliza kuisoma ichane. Na wakishaondoka, kiti chake cha darasani usimpe mtu mwingine. Nitakuja kukikalia mimi.