Diski Mpya Juu ya Nyimbo za Bibi Barke

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Diski mpya imefika redioni kwetu Kismayu. Lubna, fundi mwenzangu, yuko kisiwani Chovae. Nafasi ndiyo hii! Nikiipachika kwenye seva mimi, mkurugenzi atajua fundi ni nani. Ila niipachike folda gani, ifungukie humo? Babu yangu, muunda mashua, kila chombo kipya alikiundia pale pale alipoundia cha zamani, eti mahali pana baraka. Basi nimeipachika kwenye folda ya nyimbo za wazee. Imekubali mara moja. Mimi kiboko!

Jumanne, 4 Novemba

Subhanallah! Folda tupu. Nyimbo za harusi za marehemu Bibi Barke wa Chovae hazimo, na nakala nyingine hakuna. Bintiye, Mama Mwanahija, kapiga simu kutoka Mombasa: Ijumaa anamwoza binti, anataka bibi mtu amwimbie mjukuu. Nimemwambia asiwe na shaka. Lakini zimekwenda wapi? Nimechungulia hadi nyuma ya seva.

Jumatano, 5 Novemba

Hila nimepata. Mishi muuza samaki ana sauti ya kizee. Nimemwomba aimbe, nikamwahidi atasikika mpaka Ulaya. Kaimba karibu na dirisha, kakohoa kidogo. Nimeituma Mombasa. Hajui mtu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama Mwanahija kapiga. Hakunitukana, alilia. Kauliza Chovae bajaji zimeanza lini kupiga honi.

Lubna karudi, kasikia yote. Kaipachua diski yangu, na nyimbo hizo, zote! Kumbe hazikufutika, diski ilizifunika tu. Ajabu gani hii! Katuma wimbo wenyewe, kisha kanipasha kwa Kibajuni chake: mchu, yaani mtu, hupachika diski kwenye folda tupu, nami nisiguse tena. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Novemba

Harusi imefana, nimeisikiliza kwa simu. Bibi Barke alipoanza kuimba, bibi arusi alibubujikwa na machozi. Nami nimelia, walahi.

Ila Lubna kanishtaki. Ripoti iko kwenye folda kuu ya seva, pamoja na vipindi vyote, mkurugenzi ataisoma leo. Nimewaza: kilichofunikwa hakionekani. Elimu kubwa hii! Nimeipachika diski juu ya folda kuu. Ripoti haionekani, safi kabisa.

Najiuliza tu kwa nini redio imenyamaza ghafla, na Lubna anakuja mbio hivi.