Makaa Uani

Jumatatu, 3 Machi
Mtambo mpya wa umeme umeanza kuchoma masalia ya makaa ya mawe yaliyoachwa na mgodi. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye msimamizi wa mizani huko. Kapewa kofia ngumu, anakula nayo! Mimi nami nina akili. Mlima wa masalia uko nyuma ya nyumba. Nitayarundika uani, niwauzie wa mtambo kwa kilo. Mke wangu kasema vumbi litammaliza, kifua chake nakijua. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaendelea kukohoa.

Jumatano, 5 Machi
Lundo limefika dirishani. Nimelimwagia maji lizidi uzito, nikalifunika turubai lisikauke. Mke kasema baba yake, mchimbaji wa zamani, alimwonya: makaa ya unga yakirundikwa na unyevu hujipasha moto yenyewe. Nikamjibu kwamba moto bila kiberiti sijauona. Baba wa watu alikuwa mwoga tu.

Ijumaa, 7 Machi
Lundo limetoa moshi. Nikaongeza turubai. Moshi ukaingia chumbani, mke akakosa pumzi, midomo ikabadilika rangi. Niliogopa, sikatai. Shemeji akaja na koleo, akatawanya lundo, akambeba dada yake kumpeleka kwake. Koleo alinitupia miguuni. Iliniuma kuliko kutukanwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kwa shemeji. Mke kaongea nami akiwa dirishani, sauti nyembamba. Kasema hataki zawadi wala maneno matamu. Daktari kamwambia kifua chake hakitastahimili vumbi tena. Uani pakiwa safi, atarudi. Pasipokuwa safi, asisumbuliwe. Njiani nililia. Nyumba bila yeye haikaliki.

Alhamisi, 13 Machi
Uani peupe! Nimefagia, nimefua mapazia. Anakuja kesho. Halafu dereva wa mtambo kapita, akaniambia majivu yao wanayatupa bure na wenye akili wanafyatulia matofali. Majivu hayashiki moto. Nikamwambia amwage lori mbili uani.

Ijumaa, 14 Machi
Mke kaja na begi. Upepo ulikuwa unavuma. Kasimama getini, kajiziba pua kwa mtandio, kaniuliza taratibu kama nilimsikia hata mara moja. Nikamweleza habari za matofali. Kageuka, shemeji kampokea begi. Hatarudi, najua, na moyo umevunjika.
Ila majivu yenyewe ni laini kama unga. Kesho naanza kufyatua. Nitamjengea chumba chake hapahapa uani, aone.